Amelazwa Apumzike

Chirau Menza alijifunza Kiingereza mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa skuli, miaka minne ya kuimba maneno pamoja na wenzake huku mwalimu akiyagonga ubaoni kwa fimbo. Mara ya pili ilikuwa Diani, katika hoteli ya Wazungu alikoandikwa kazi ya boi wa vyumba. Kiingereza cha skuli kilikwisha kumtoka. Cha hoteli kilimwingia mwilini, na neno lililotangulia kuingia lilikuwa rest.

Lilisemwa hapo hotelini mchana kutwa. Wageni wengi walikuwa masetla kutoka bara, na miaka ile bara kulikuwa na vurugu, kwa hiyo walishuka pwani wamechoka mpaka machoni. Memsabu akiwa kwenye rest, mlango haugongwi hata kama nyumba inaungua. Bwana akisema rest the tray there, unaitua sinia ya chai pale alipoonyesha. Mgeni akila nusu ya samaki akasema mbwa apewe the rest, basi kilichobaki ni cha mbwa. Chirau aliyapanga hayo kichwani vizuri: kupumzika, kuweka, kilichobaki. Fondo, mpishi wa hoteli, alipokwama kwa neno lolote alimwita yeye, na Chirau alijibu bila kusitasita, kwa sababu kusitasita hakukuwa tabia yake.

Kiburi hicho alikipata kwa dada yake. Mama yao alipofariki Mwanaima alikuwa na miaka kumi na minne na Chirau mitano, na baba alikwisha kuoa kwingine huko Kikoneni na kusahau njia ya Msambweni. Mwanaima alimlea. Alisuka makuti na mikeka, akalima vibarua, akampeleka chuoni kusoma Kurani, kisha skuli, na posa zilipokuja alizirudisha moja baada ya nyingine mpaka mdogo wake amalize darasa la nne. Alipokubali kuolewa alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitano, na aliyemwoa, Suleiman, alikuwa mpishi mpole mwenye mikono mikubwa, ambaye hakuona ajabu kumpokea shemeji pamoja na mke. Mtoto hawakujaliwa. Basi Mwanaima akawa na watu wawili tu duniani, na alipotaka kumsifu Chirau mbele za wanawake wenzake kisimani, alisema mdogo wake husoma barua ya Mzungu kama mtu anywaye maji.

Mwaka wa hamsini na mbili Mzungu wa Suleiman, mpima ardhi, alihamishiwa Nyasaland, katika mji wa Zomba, akamwomba mpishi wake afuatane naye kwa miaka mitatu. Suleiman alikwenda. Alikuwa hajui kuandika, kwa hiyo kila baada ya miezi alimpata Mswahili mmoja wa huko akamwandikia salamu, na barua zilipitia sanduku la posta la hoteli, kwa jina la Chirau.

Mapema mwezi wa Aprili, mwaka wa hamsini na nne, ilikuja barua isiyofanana na zile. Bahasha yake ilikuwa ya samawati, mwandiko mwembamba wa kike, na nyuma yake jina la mke wa yule mpima ardhi. Chirau hakuifungua. Siku yake ya mapumziko alipanda baiskeli, akaenda nayo Msambweni katika mvua ya rasharasha, imefungwa ndani ya kitambaa cha mezani ili isilowe.

Alimkuta dada yake akichagua mchele. Walipokwisha kuamkiana, Mwanaima aliipokea bahasha, akainusa, akamrudishia. Jirani yake, Mwinga, aliyekuwa hapo ukumbini, alisema barua ya mwandiko wa kigeni hivi afadhali apelekewe mwalimu mkuu wa skuli. Mwanaima alimtazama kama aliyetukanwa. Alisema hajamsomesha mtu ili akatembeze barua zake kwa watu wengine.

Chirau akaanza kusoma. Alisoma mstari kwa Kiingereza, kwa sauti, kisha akaufasiri. Yule memsabu alisema Suleiman aliugua kifua, homa ikampanda, na siku ya nne alichukuliwa kutoka kwao. Chirau akafasiri kwamba alichukuliwa kutoka nyumbani kwa Wazungu, akapelekwa. Mwanaima aliweka ungo chini.

Mstari uliofuata ndio uliokuwa na lile neno lake. He was laid to rest on Friday. Chirau alipoliona alihisi kama aliyekutana na mtu wa kwao ugenini. Laid ni kulazwa, na rest ni hilo analolisikia kila siku.

"Ijumaa amelazwa," alisema. "Amelazwa apumzike. Waislamu wa mji ndio waliomchukua, wamemweka kwao, mahali pao Waislamu, nje kidogo ya mji."

"Wana hospitali yao?" Mwanaima akauliza.

"Yaelekea wanayo."

Akaendelea. Memsabu alisema sasa Suleiman yuko at rest, hana maumivu tena. Alisema anasikitika sana, na Chirau, aliyezoea kusikia sorry mgeni akimwaga chai, akaeleza kwamba memsabu anaomba radhi mtu kuugulia mikononi mwake. Mwisho alisema the rest ya vitu vyake italetwa kwa meli. Hapo Chirau alitulia kidogo, kwa sababu ndiyo ile maana ya tatu, kilichobaki. Akafikiri, kisha akafurahi. Alimweleza dada yake kwamba vingine Suleiman anavyo huko anakolala, na vilivyobaki vinatangulizwa nyumbani, na mtu hatangulizi vitu vyake ila awe yuaja mwenyewe.

Mwanaima alifunika uso kwa leso akalia, na kilio chake kilikuwa cha mtu aliyeshtushwa akaokoka. Siku ya pili yake alipika sima na kuku, akawaita wanawake wa mtaa kusoma dua ya shukrani. Kisha akamwandikisha Chirau jibu. Lilikuwa fupi. Alimwambia mumewe apumzike vizuri, asifanye haraka ya kurudi jikoni, kwamba kitanda chake cha kamba kimelegea lakini ameagiza kisukwe upya.

Katikati ya mwezi huo ilikuwa Pasaka ya Wakristo, na hoteli ilijaa. Alikuja pia Bwana Hollis, mzee wa Kizungu kutoka bara ambaye kila mwaka hufika na mkewe, wakapewa chumba kile kile cha mwisho upande wa pwani. Safari hii aliteremka garini peke yake. Chirau alimbebea mizigo, akamfungulia madirisha, na kwa kuwa yule bibi alikuwa akimpa chokoleti na kumuuliza habari za dada yake, alimuuliza mzee, kwa Kiingereza chake kisafi, memsabu hajambo.

Mzee alikuwa akitoa fulana sandukuni. Alijibu bila kugeuka. We laid her to rest in January.

"Vizuri sana, bwana," Chirau akasema kwa Kiingereza. "Akimaliza kupumzika, atakuja?"

Mzee aligeuka. Chirau aliona uso wake ukifanya mambo mengi kwa pamoja, akadhani amemkosea, akarudi nyuma hatua moja. Lakini yule mzee hakukasirika. Aliketi ukingoni mwa kitanda, fulana ikiwa magotini, akamtazama muda, na aliposema alisema kwa Kiswahili, polepole, kama anayetaka neno lisipotee njiani.

"Amekufa, Chirau. Tumemzika."

Chirau alisema pole. Alisema pole mara nyingi, kwa lugha zote mbili, mpaka mzee akamwashiria kwa mkono kwamba yatosha. Kisha akauliza kama neno lile huwa na maana hiyo siku zote. Mzee alisema mtu akisema laid to rest, hana maana nyingine. Watu hulisema hivyo, alieleza, kwa sababu lile jingine ni zito mdomoni.

Alasiri hiyo Chirau alitandika vitanda vya vyumba kumi na viwili na hakukumbuka hata kimoja. Barua alikuwa ameiacha Msambweni, lakini alikuwa ameisoma mara nne mbele ya dada yake na aliijua kwa moyo. Alichukuliwa kutoka kwetu. Amelazwa Ijumaa. Mahali pa Waislamu, nje ya mji. Hana maumivu tena. Alipanga maneno hayo upya, moja moja, na kila moja lilikwenda kukaa mahali pake, na hapakuwa na hata moja lililokataa. Alitoka nyuma ya stoo ya makaa, akachuchumaa ukutani.

Jioni Fondo alimkuta hapo akamuuliza ana nini. Chirau alimweleza. Fondo alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwambia apande baiskeli sasa hivi, amwombe ruhusa memsabu mwenye hoteli, na kama hakumpata aende bila ruhusa.

"Kesho," Chirau akasema.

"Yule mwanamke ana eda, Chirau. Siku zake zinakwenda na yeye hajui. Kesho ni mbali."

Chirau alikwenda kesho yake. Njia nzima alikuwa akitunga maneno. Alipofika, Mwanaima alikuwa uani anapaka chokaa ukuta wa chumba, chokaa imemrukia puani, na fundi alikuwa akivuta kamba za kitanda kivulini. Alinawa mikono mbio, akamwekea mdogo wake kigoda, akamletea uji. Alisema usiku ameota Suleiman amenenepa. Kisha akaingia ndani, akatoka na barua imekunjwa ndani ya msahafu wake, akampa.

"Nisomee tena," alisema. "Pale pa kupumzika."

Chirau aliifungua. Aliuona uso wa dada yake, umetulia, unangoja, kama alivyokuwa akimtazama zamani anapomsomea herufi zake za kwanza mchangani, na akasoma. Alisoma kama alivyosoma mara ya kwanza. Amelazwa apumzike. Sasa ametulia, hana maumivu tena. Mwanaima aliyarudia maneno hayo kwa midomo bila sauti, akacheka, akarudi kwenye chokaa yake.

Kosa la mara ya kwanza lilikuwa la kutojua, na mtu yeyote angelisamehe. Hili la pili Chirau alijua tangu hapo kwamba halikuwa na jina jingine ila uongo. Akiwa kwenye baiskeli kurudi alijiambia kwamba atasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata hoteli haikumpa nafasi, na alishukuru. Kisha mwezi wa Ramadhani ulikaribia, akajiambia hapana haja ya kumharibia mtu mwezi mtukufu, afunge kwa moyo mkunjufu, atajua baada ya Idi. Alihesabu. Kwa tarehe iliyoandikwa juu ya barua, Suleiman alizikwa Ijumaa ya kwanza ya Februari. Eda ya mjane, siku za kumkalia mume aliyekufa, ni miezi minne na siku kumi, na hesabu ilikuwa inakwisha siku kumi baada ya Idi. Palikuwa na nafasi bado, alijiambia. Ataikuta japo mkia wake.

Siku ya Idi alikwenda Msambweni amevaa kanzu mpya. Mwanaima alimfungulia mlango na Chirau akaona mikono yake. Alikuwa ametia hina, maua mekundu mpaka kwenye viwiko, na asumini kifuani, na udi unafuka chumbani kando ya kitanda kipya kilichotandikwa mashuka meupe. Mjane haruhusiwi hata kimoja katika hivyo. Mwanaima alimwambia kwamba hakukusudia kujipamba sana, lakini huenda mtu akatokea hata leo, na haifai kukutwa umechakaa. Chirau alikula biriani yake, akamtakia heri ya sikukuu, akaondoka kabla ya Alasiri. Hakusema.

Siku ya kumi ya Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, ilifika akiwa kazini, akaihesabu tangu alfajiri mpaka jua lilipozama, na lilipozama alihisi kitu kimefungwa ambacho hakitafunguliwa tena.

Siku nne baadaye sanduku lilifika hotelini kwa lori la posta. Lilikuwa la bati, limeandikwa jina la Suleiman kwa rangi nyeupe. Memsabu mwenye hoteli alilifungua kwa ajili ya hesabu ya forodha, na Chirau akaona ndani koti la Suleiman, viatu vyake, kofia yake ya kudarizi, tasbihi, visu vyake vitatu vya kupikia vimefungwa kwa gazeti, na miwani. Suleiman hakuweza kuona kitu cha karibu bila miwani ile. Memsabu alimtazama Chirau akamwambia achukue gari la hoteli na dereva.

Dereva alilishusha sanduku ukumbini akaenda zake kungoja njiani. Mwanaima alilizunguka, akalipapasa kwa viganja vyenye hina inayofifia, akalifungua. Alitoa koti akalikung'uta. Akatoa viatu. Alipofika kwenye miwani aliishika kwa vidole viwili, akakaa nayo.

"Huko aliko aona kwa kitu gani?" aliuliza.

Aliifuta kwa pembe ya leso, akaiweka juu ya koti.

"Nenda kalete ile barua. Nisomee tena."

Alikwenda ndani, akaitoa ndani ya msahafu, akarudi akapiga magoti mbele yake juu ya mkeka. Safari hii hakusoma Kiingereza. Alifasiri moja kwa moja, neno kwa neno, kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

"Suleiman aliugua kifua, homa ikampanda, na siku ya nne alitutoka. Ijumaa amezikwa. Waislamu wa mji ndio waliomchukua, wakamzika kwao, mahali pao Waislamu, nje kidogo ya mji. Sasa amepumzika, hana maumivu tena. Nasikitika sana. Vitu vyake vilivyobaki tutavileta."

Mwanaima alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, wala hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu, amelijua lini. Chirau alimwambia ukweli: tangu Pasaka ya Wazungu, siku moja kabla hajaja kumkuta anapaka chokaa.

Kuku walipita ukumbini wakadonoa mkeka, na Mwanaima hakuwafukuza.

"Ulikuja kesho yake," alisema. "Nikakupa uji."

"Ndiyo, dada."

"Nikakwambia nisomee."

"Ndiyo."

Aliinuka, akajitanda leso, akatoka kwenda kwa maalim wa msikiti, na Chirau akamfuata nyuma hatua chache kwa kuwa hakujua la kufanya jingine. Maalim alimkaribisha barazani, akamsomea fatiha marehemu, akauliza tarehe. Alizihesabu kwa vidole, mara mbili. Kisha akamweleza kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya habari. Miezi minne na siku kumi imekwisha kupita. Hana eda tena juu yake, na kwa yale aliyoyafanya bila kujua Mwenyezi Mungu hamhesabii dhambi. Yuko huru.

Mwanaima alimwomba amruhusu akae hivyo hivyo, avae nyeupe, afungiwe ndani, hata kwa siku arobaini. Maalim alitikisa kichwa. Alisema huzuni ni ya moyo na hakuna aikatazaye, lakini eda ni hukumu, na hukumu ikitimia imetimia.

Njiani kurudi ndipo Mwanaima aliposema. Alisimama katikati ya njia, mchana mweupe, watu wanapita na kumwamkia.

"Baba alinitupa, nikanyamaza. Mtoto sikujaliwa, nikanyamaza. Mume nimepewa miaka saba, na amekufa nchi ya watu, sikumwona. Kilichokuwa changu ni zile siku za kumkalia. Nazo umenichukulia wewe, Chirau. Mimi nilitia hina."

Watu wa mtaa walikuja kumpa pole, lakini walikuja kwa aibu, hawajui waje kama wafiwa au kama wageni. Mwinga, mwanamke wa jirani, alikaa kwake siku tatu. Wengine walisema moyoni, na wengine kwa midomo, kwamba msiba wenyewe ni wa zamani. Matanga hayakukaliwa. Siku ya nne Mwanaima alifunga nguo zake akaenda Jego kwa shangazi yao, na nyumba aliyoipaka chokaa akaifunga kwa kufuli.

Chirau alirudi kazini. Aliendelea kutandika vitanda na kubeba sinia, lakini Fondo alipomuuliza neno la Kiingereza alijibu kwamba hajui, hata yale aliyoyajua. Alikwenda kwa mwalimu mkuu wa Msambweni, akamsihi aandike barua kwa yule memsabu wa Zomba kuuliza kaburi liko upande gani na nani aliyelisimamia. Jibu lilikuja mwezi wa Septemba. Mwalimu alilifasiri kwa maandishi. Kaburi lilikuwa chini ya mlima, na mfinyanzi mmoja wa Kiyao, rafiki wa Suleiman, ndiye aliyeshuka kaburini akamlaza mwanandani kwa mikono yake.

Karatasi hiyo Chirau aliipeleka Jego, mwendo wa siku nzima. Dada yake alimpokea kwa heshima zote. Aliitika shikamoo yake, akamuuliza hali, kazi, afya ya Fondo, akampikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, akamwekea maji ya kunawa. Alikuwa amekonda. Alimpa mjukuu wa shangazi ile karatasi amsomee, akasikiliza, akaomba arudiwe pale pa mfinyanzi, akaikunja.

Baada ya chakula Chirau aliomba msamaha. Aliuomba vibaya, maneno yakimkwama, akilia kama alivyolia mdogo.

"Nimekusamehe," Mwanaima akasema. "Nilikusamehe siku ile ile, kwa ajili ya Mungu. Lakini nataka ujue jambo. Nikilia sasa, nalia peke yangu. Watu wanitazama wanashangaa, mbona huyu yuaanza leo. Hakuna wa kulia naye."

Chirau alimwambia kwamba yeye atalia naye.

Mwanaima alifikiri juu ya hilo, kwa haki, kama mtu anayepima kitu mkononi.

"Hapana," alisema. "Si wewe."

Alimsindikiza mpaka mwisho wa mashamba ya shangazi, kama inavyopasa, akamwambia akija siku ya Maulidi atamkuta, kwa maana yeye ni nduguye na hana mwingine. Wakaagana. Chirau alipanda baiskeli, akaenda kidogo, akageuka nyuma apunge mkono. Njia ilikuwa tupu. Dada yake alikwisha kuingia ndani ya mashamba.